Kijumbe aliyepotewa na hesabu: kisa cha kupima kumbukumbu tendaji kwa mama mzee

Mambo yote yanayoweza kumtambulisha mhusika yameondolewa au kubadilishwa. Yeye mwenyewe na binti yake waliridhia kisa kitumike kufundishia.

## Mgonjwa na kilichomleta

Bibi K. ana miaka 70 na ushee, ni mjane, na anaishi na binti yake na wajukuu katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Alisoma hadi darasa la nne. Kusoma anasoma polepole, na kuandika ni kwa taabu kidogo, lakini hesabu ya pesa haijawahi kumshinda. Kwa miaka mingi amekuwa kijumbe wa mchezo wa akina mama wa mtaani, yaani upatu wa kuchangiana fedha kwa zamu: kila wiki anapokea fedha, anajua nani ametoa, nani anadaiwa na zamu ni ya nani. Daftari lipo, ila alikuwa akilijaza usiku watu wakishalala, kutoka kichwani.

Ana presha na kisukari vya muda mrefu. Kwenye kadi yake ziliandikwa dawa tatu: amlodipini, metformini, na amitriptilini ya usiku kwa ajili ya miguu inayowaka moto.

Binti alieleza kwamba mambo yalianza kuharibika polepole, mwaka na nusu hivi uliopita. Kubwa lililoleta zogo ni kwamba mama alimpa mwanachama mmoja zamu mara mbili, na aliyestahili akabaki mikono mitupu. Ugomvi ulifika hadi kwa mjumbe wa nyumba kumi. Tena anabandika chai, anaitwa mlangoni, akirudi sufuria imekauka. Akienda mwenyewe dukani kununua vitu vitatu, analeta kimoja.

Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya nyumbani, akasema: "Na kwenye swala, rakaa zinampotea. Kila siku ni sijida ya kusahau. Siku nyingine anarudia swala nzima."

Alilitaja kama jambo la fedheha. Kwetu sisi tuliomhudumia ilikuwa ndiyo sentensi yenye thamani kuliko zote alizosema siku ile. Anayeswali peke yake hana wa kumshikia hesabu. Ulimi unasoma, mwili unainama na kusujudu, na wakati huohuo kuna namba moja inayotakiwa kubaki hai kichwani na kuongezwa kila baada ya muda. Hiyo ndiyo kumbukumbu tendaji ikiwa kazini: kushika kitu kwa sekunde chache au dakika chache huku ukifanya kingine juu yake. Kukumbuka harusi ya mwaka juzi ni jambo jingine kabisa, na hapo Bibi K. hakuwa na tatizo. Njia za mjini anazijua, majina ya wajukuu anayo yote, na mapishi hayajampotea.

## Kipimo cha kwanza

Kabla ya kufika kwetu alikuwa amepimwa katika kituo kingine. Alikaa kwenye benchi la korido, wagonjwa wa nje wakipita na namba zikiitwa kwa kipaza sauti. Mpimaji alitumia kipimo cha alama 30, kile kilichotolewa Marekani mwaka 1975 na ambacho bado kinazunguka kila mahali, akikitafsiri papo hapo kutoka kwenye karatasi ya Kiingereza. Akaongeza tarakimu za kurudia (mgonjwa hutajiwa mfululizo wa tarakimu, akaurudia ulivyo au kinyumenyume), saa ya kuchora na miezi ya kinyumenyume.

Alama zilikuwa 17 kati ya 30. Tarakimu za kwenda mbele alifika 3. Za kurudi nyuma, sifuri. Kutoa 7 kutoka 100, tena na tena, aliishia hatua ya kwanza. Saa ilikosewa. Miezi kinyumenyume aliitaja yote bila kosa. Kwenye faili ikaandikwa "demensia, hatua ya kati", yaani ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na akili.

Wiki hiyohiyo binti alichukua daftari, na mtaani ikasikika kwamba bibi hana akili tena. Alipoletwa kwetu, lengo la familia lilikuwa dogo tu: kuthibitishiwa na kuanzishiwa dawa.

Kilichotusimamisha ni kwamba karatasi ile ilijipinga yenyewe. Mtu anayeshindwa kurudisha nyuma tarakimu mbili anawezaje kurudisha nyuma miezi 12? Tena kila swali lilikuwa na alama tu. Hakuna jibu hata moja lililoandikwa kama lilivyotoka mdomoni, kwa hiyo haikuwezekana kujua alikosea vipi.

## Kipimo cha pili, na kwa nini tulikipanga hivyo

Tulimpa miadi ya asubuhi, akiwa ameshakunywa chai na dawa zake, katika chumba chenye mlango unaofungwa. Tuliagiza aje na mfuko wote wa dawa, siyo kadi tu: kila kidonge kinachopatikana nyumbani, kiwe cha hospitali, cha duka au cha jirani.

Mpimaji alikuwa kijana wa umri wa mjukuu wake. Hili lina uzito ambao vitabu vya vipimo haviutaji. Mzee anakaa mbele ya mtoto anayemwuliza leo ni siku gani na kumtaka arudie namba kama mtoto wa chekechea. Wengine hujibu ovyo kwa hasira, wengine hunyamaza kulinda heshima yao, na vyote viwili huandikwa kama kasoro ya ubongo. Basi ilianza shikamoo, zikafuata habari za nyumbani, kisha maelezo ya wazi: "Bibi, kuna maswali mepesi na kuna magumu ambayo hata sisi hutushinda. Tunataka kujua kichwa kinachoka wapi, ili tusikupe dawa isiyokuhusu." Akacheka, akasema: "Haya, mwanangu, nichezee basi." Binti aliombwa asubiri nje kwa sehemu hii, kwa sababu binti aliye chumbani hujibu kwa macho.

### Sikio kabla ya namba

Kabla ya kuanza mfululizo wa tarakimu, mpimaji alifunika mdomo kwa karatasi na kutaja tarakimu moja moja, moja hadi tisa bila mpangilio, Bibi K. akirudia kila moja. Hapo hakuna kumbukumbu inayopimwa. Ni kusikia tu.

Alikosea nne kati ya tisa. "Sita" ilirudi "tisa", "tisa" ikarudi "sita", "tano" ikawa "tatu", na "nne" aliomba irudiwe.

Anayezijua tarakimu zetu ataona mtego ulipo. Sita na tisa zinatofautiana kwa nafasi ya *s* na *t* tu, na hizo ni miongoni mwa sauti nyembamba ambazo sikio la uzeeni huanza kuzipoteza. Tatu na tano zinaanza sawa, nne na nane zinakaribiana. Ukiongeza kelele za korido, kipimo cha kumbukumbu kinageuka kipimo cha masikio bila mtu kugundua.

Tarakimu zilisimamishwa hapohapo. Badala yake tulitumia vibao vya Corsi, kipimo kilichotokana na tasnifu ya Philip Corsi huko Montreal mwaka 1972: vibao tisa vimetawanyika juu ya ubao mmoja, mpimaji anavigusa kwa mpangilio, mgonjwa anagusa vilevile. Chetu kilichongwa na fundi seremala. Hakihitaji sikio wala shule. Bibi K. alifuata mpangilio wa vibao 5 kwenda mbele na 3 kurudi nyuma. Kwa mtu aliyeandikiwa demensia ya hatua ya kati, hayo si matokeo ya kupuuzwa.

Daktari alipochungulia masikio, yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta ngumu. Alipewa matone ya kulainisha kwa siku kadhaa, kisha yakasafishwa.

### Mfuko wa dawa

Ndani ya mfuko, pamoja na zile tatu za kadi, kulikuwa na Piriton, nayo haikuwa ya mafua. Bibi K. alikuwa akiinunua duka la dawa na kumeza kila usiku ili apate usingizi, mazoea ya miaka. Hakuna aliyewahi kumwuliza, na yeye haihesabu kuwa dawa.

Klofeniramini iliyomo ndani yake na amitriptilini zina tabia moja: zote huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea katika kuwa makini na kushika mambo. Moja peke yake kwa mzee inatosha kuleta ukungu. Mbili kila usiku, kwa miaka, hutoa picha inayofanana sana na mwanzo wa demensia.

### Tarakimu, safari hii kwa utaratibu

Masikio yalipofunguka, tulirudia jaribio la tarakimu moja moja. Alipata zote isipokuwa kubadili sita na tisa mara moja, ishara kwamba mbali na nta kulikuwa na upungufu wa kusikia wa uzee wenyewe. Mifululizo ilitungwa upya ili sita na tisa zisikae pamoja katika mfululizo mmoja.

Tarakimu zilitajwa moja kwa sekunde, bila kupandisha wala kushusha sauti, bila kuzifunga mafungu. Jambo hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Sote tumezoea kutaja namba za simu tatu tatu, na ulimi unateleza kwenye mdundo huo wenyewe. Ukimpa mgonjwa mafungu, umemfanyia nusu ya kazi.

Mbele alifika 5. Nyuma alifika 2, akajaribu 3 mara mbili na kukosea mara zote, na majibu yake yaliandikwa neno kwa neno: namba zilikuwa zilezile, mpangilio ndio ulivurugika. Sasa tulikuwa tunaona kitu halisi. Anasikia, anashika, lakini akitakiwa kukigeuza anachokishika, kinamponyoka.

### Pesa badala ya saba

Kutoa 7 kutoka 100 hupima shule kwanza na ubongo baadaye. Tukamwambia: "Una elfu kumi mkononi. Kila mtu unampa mia saba. Akishapata wa kwanza zimebaki ngapi? Na wa pili?" Hesabu ni ileile, ila imevaa nguo anazozijua. Elfu tisa na mia tatu, elfu nane na mia sita, elfu saba na mia tisa: alishuka bila kusita.

Kisha mpimaji akaongeza kikwazo kwa makusudi. Baada ya kila hatua alimwuliza swali la kawaida, mfano leo wamepika nini nyumbani, ndipo akamtaka aendelee. Hatua ya kwanza alivuka. Ya pili aliuliza, "Tulikuwa kwenye ngapi?" Ya tatu akaanza upya kutoka elfu kumi. Mezani pa mpimaji palitokea kilekile kilichotokea kwenye mchezo wake: akina mama wanapiga soga, pesa inapokelewa, hesabu inakatika.

Mbinu hii si kipimo rasmi na haina alama za kulinganishia. Tuliitumia kuelewa tatizo, na kwenye ripoti tuliiandika hivyo.

### Kipimo cha jumla

Kwa picha pana tulitumia IDEA, kipimo kilichotengenezwa kwa wazee wa Afrika na kujaribiwa wilayani Hai, Kilimanjaro. Hakidai kusoma wala kuandika. Kuna kupanga vijiti, orodha ya maneno kumi, kutaja wanyama, na maswali ya mtu kujua alipo na siku aliyonayo. Jumla ni alama 15, na kuanzia 7 kushuka uwezekano wa demensia huwa mkubwa. Alipata 8, yaani kwenye ukingo.

Katika maneno kumi, baada ya muda alikumbuka manne. Lakini tulipoyachanganya na mengine na kumwuliza lipi lilikuwemo, alitambua tisa. Maneno yalikuwa yameingia. Kuyatoa bila msaada ndiko kulikomshinda. Kwenye Alzaima ya kawaida, aina mojawapo ya demensia, mara nyingi vidokezo havimsaidii mtu kiasi hicho, kwa sababu jambo lenyewe halikuhifadhiwa vizuri tangu mwanzo.

Vipimo vya damu vya tezi, vitamini B12, VVU na kaswende havikuonyesha tatizo. B12 ilisisitizwa kwa sababu metformini ya miaka mingi inaweza kuishusha. Dalili za sonona hazikuwepo. Picha ya CT ya ubongo haikupigwa. Gharama na safari viliishinda familia.

## Maamuzi

La kwanza lilikuwa kufuta neno "demensia" kwenye mazungumzo na familia, angalau kwa wakati ule. Mtu anayejipikia, kujisafisha na kutembea mjini mwenyewe, huku dawa mbili zikimvuruga na masikio yakiwa ndiyo kwanza yamefunguliwa, hastahili kupewa jina hilo. Tuliandika kwamba kuna upungufu mdogo wa uwezo wa akili, hasa katika kumbukumbu tendaji na umakini, na kwamba atapimwa tena dawa zikishatoka mwilini.

La pili, Piriton iliachwa. Amitriptilini ilipunguzwa taratibu badala ya kukatwa ghafla, na baada ya kupima figo akaanzishiwa gabapentini kwa dozi ndogo kwa ajili ya miguu. Hapa palikuwa na mvutano kati yetu. Gabapentini nayo inaweza kumlaza mzee, na mmoja wetu alitaka miguu iachwe bila dawa kwanza ili matokeo yasomeke vizuri. Hoja iliyoshinda ni kwamba maumivu yanayomfanya mtu akeshe nayo yanakula umakini, na kwamba hatumtibu mgonjwa ili jedwali letu lipendeze.

La tatu ni nani aambiwe. Binti alitaka tuzungumze naye pembeni. Tulikubaliana mwishowe aelezwe Bibi K. mwenyewe, binti akiwa amekaa hapohapo. Mama huyu alikuwa ameshasikia mtaani kwamba hana akili. Kumficha kungekuwa kuthibitisha.

La nne lilihusu daftari. Kulirudisha lilivyokuwa kungehatarisha pesa za watu. Kumnyang'anya moja kwa moja kungemwondolea kazi pekee inayomfanya awaze kila wiki. Bibi K. akapendekeza mwenyewe: abaki kijumbe, lakini pesa ipokelewe mbele ya mjukuu wa sekondari, kila aliyetoa atiwe alama papo hapo, na soga zianze baada ya daftari kufungwa. Wanachama walikubali, wawili kwa shingo upande.

## Matokeo

Baada ya miezi mitatu alikuwa mchangamfu zaidi na usingizi wake ulikuwa wa wastani. Miguu ilikuwa bado inamwaka moto kuliko tulivyopenda. Tarakimu mbele zilibaki 5, nyuma zilipanda kuwa 3. IDEA ilikuwa 10. Hesabu ya pesa yenye kukatizwa alivuka hatua mbili. Binti alisema zogo la sufuria limepungua, ingawa halijaisha.

Rakaa ziliendelea kumpotea akiwa peke yake. Akiswali nyuma ya mjukuu hana shida, na ndivyo anavyofanya siku nyingi sasa.

Baada ya mwaka, tarakimu nyuma zilirudi 2, IDEA ikawa 9, vibao vya Corsi vikashuka hadi 4. Mwendo wake ulikuwa umekuwa wa polepole kidogo. Mchezo ulikuwa haujaharibika hesabu hata mara moja tangu utaratibu mpya, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameanza kumwachia mjukuu kalamu.

## Uchambuzi

Kwa hiyo, alikuwa na tatizo au hakuwa nalo? Alikuwa nalo. Ni rahisi kukisimulia kisa hiki kana kwamba nta iliondolewa na bibi akapona, na kwenye kikao kimoja cha mafunzo kiliwahi kusimuliwa hivyo hivyo. Si kweli. Chini ya kelele, nta na vidonge kulikuwa na upungufu wa kweli unaokwenda polepole, na kwa presha na kisukari vyake, kwa mwendo unaopungua kasi na kwa maneno yanayotambulika lakini hayatoki, tunashuku mishipa midogo ya damu ya ubongo. Bila picha hatuwezi kusema zaidi. Kipimo cha kwanza kiligusa ukweli kwa bahati, kikakosea ukubwa wake, na ukubwa ndio ulioamua kama mama huyu atabaki na kazi yake au la.

Kilichosaidia zaidi ni kulinganisha njia mbili za kuingilia. Wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch walipopendekeza mfano wao wa kumbukumbu tendaji mwaka 1974, walitenganisha hazina ya sauti, hazina ya picha na nafasi, na msimamizi anayegawa umakini kati yao. Mfano huo una wapinzani wake, lakini kitandani mwa mgonjwa una faida moja kubwa: sauti ikianguka na picha ikabaki, tafuta sikio au lugha kabla ya kulaumu ubongo. Vibao 5 dhidi ya tarakimu 3 viliunga mkono kile ambacho jaribio la kusikia lilionyesha kuhusu masikio. Tarakimu za kurudi nyuma na pesa za kukatizwa zilimgusa msimamizi, na huko ndiko kasoro ilikobaki baada ya mengine yote kusafishwa. Tangu mwaka 1986 Baddeley na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa Alzaima huanguka hasa wanapotakiwa kufanya kazi mbili kwa pamoja, hata pale ambapo kila kazi peke yake imerahisishwa kufikia kiwango chao. Rakaa ni kazi mbili kwa pamoja. Kwa hiyo swali la swala, au la kuhesabu tasbihi au kuimba beti za wimbo wa kanisani huku ukipika, linafaa kuulizwa kila mzee anayeletwa, na liulizwe kwa adabu.

Swali la kukatizwa lilitupa kitu kingine: mlango wa tiba. Alama ya 2 au 3 haimwambii binti afanye nini kesho asubuhi. "Anapoteza hesabu akikatizwa" inamwambia.

Sasa miezi. Kwa nini aliyeshindwa namba mbili aliweza miezi 12? Kwa sababu huenda hakusema Desemba, Novemba, Oktoba. Huenda alisema mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa kumi, kama wanavyosema wazee wengi wa kwetu, na huko si kurudisha nyuma orodha, ni kuhesabu kushuka. Namba yenyewe inakushika mkono. Siku za wiki zina msaada uleule kuanzia Jumamosi hadi Jumatano. Kwa hiyo jaribio ambalo kwa Kiingereza hubana umakini kikamilifu, kwetu hulegea, na mzee mwenye kuchanganyikiwa kwa ghafla anaweza kulivuka. Tukilitumia, tunadai majina, Desemba kurudi Januari, na kama hayajui tunaliacha.

Saa ya kuchora ina kisa chake. Maelekezo ya Kiingereza husema dakika kumi baada ya saa ambayo sisi tunaiita saa tano, na mtego unaokusudiwa ni mgonjwa kuupeleka mkono kwenye 10. Mswahili akiambiwa "saa tano na dakika kumi" anapata mitego miwili: kumi, na tano yenyewe, kwa kuwa mkono mfupi unatakiwa kwenda kwenye 11. Bibi K. aliupeleka kwenye 5. Huenda ni kasoro, huenda ni mtu aliyefuata alichoambiwa. Kosa hilo haliwezi kuhesabiwa kama linavyohesabiwa London.

Na urefu wa tarakimu. Moja hadi tisa, kila moja kwa Kiswahili ina silabi mbili. Kwa Kiingereza ni moja tu, ya saba, yenye mbili. Tangu mwaka 1975 inajulikana kwamba maneno yanayochukua muda mrefu kutamkwa hushikika machache zaidi, na mwaka 1980 utafiti wa watu wanaojua Kiwelisi na Kiingereza ulionyesha kwamba mtu yuleyule hushika tarakimu chache katika lugha yenye tarakimu ndefu. Kwa hiyo kuchukua mpaka wa tarakimu wa Waingereza na kumpimia mama wa Tanga au Mombasa ni kumnyima sehemu ya alama kabla hajafungua mdomo. Tunachoweza kukiamini ni yeye dhidi ya yeye mwenyewe, leo na baada ya miezi kadhaa, kwa mifululizo tofauti ili asiwe anakumbuka ya mwanzo.

Upande wa yaliyoshindikana, kubwa ni kwamba masikio, dawa na chumba vilibadilika karibu kwa pamoja. Kupanda kwa tarakimu nyuma kutoka 2 hadi 3 kunaweza kuwa kazi ya kuacha Piriton, kunaweza kuwa mazoea ya kipimo, kunaweza kuwa usingizi. Hatua moja ya tarakimu ni ndogo kiasi kwamba siku mbaya inaweza kuifuta. Kimatibabu haikutusumbua, kwani hakuna aliyetaka kuyaacha masikio yamezibwa ili tujifunze, lakini anayesoma kisa hiki asitoe humo ushahidi kwamba dawa fulani huondoa alama fulani.

Kifaa cha kusikia kilipendekezwa na hakikupatikana. Bei ilikuwa juu ya uwezo wa nyumba ile, na ufuatiliaji wetu ulilegea hapo. Nta hurudi, na kwenye kipimo cha mwaka hakuna aliyechungulia masikio kabla ya kuanza tarakimu. Sehemu ya kushuka kule inaweza kuwa ya sikio tena, ingawa vibao vya Corsi, visivyohitaji sikio, navyo vilishuka.

Kuhusu nyumbani na mtaani, neno lililotamkwa wiki ya kwanza halikufutika. Wanachama wawili wa mchezo hawakurudi. Ripoti yetu ilimfikia binti na kituo kilichomtuma, lakini haikufika pale neno lilipokuwa limeshafika.

Wilaya ya Hai, ambako utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta demensia kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi baada ya kurekebisha umri, ilifundisha kwamba ugonjwa huu upo vijijini kwetu na si wa Ulaya pekee. Hofu ya kutougundua ni ya haki. Lakini kwenye korido yenye kipaza sauti, kosa la upande wa pili ndilo rahisi zaidi.

Fomu yetu ya tarakimu imebadilishwa tangu wakati huo. Mstari wa kwanza juu ni masikio: yamechunguliwa, ndiyo au hapana, na nani. Wa pili ni tarakimu moja moja za kusikia. Wa tatu ni dawa za dukani kwa majina. Safu ya alama imesogezwa pembeni, na katikati ya karatasi kuna nafasi pana ya kuandika jibu kama lilivyotoka mdomoni, hata likiwa ni "mwanangu, hiyo ya mwisho umesemaje?"